Hazel Kajikunja

Jumatatu, 1 Desemba

Nitrati: sufuri. Fosfati: sufuri. Joto: nyuzi ishirini na sita.

Daftari hili ni la vipimo vya maji ya tangi langu la samaki na matumbawe, na kwa miaka kumi na tisa sijaandika humu ila tarakimu. Lakini msimu wa vimbunga umeanza, mvua imetufungia ndani, na mimi Renata Bortolin, niliyewauzia watoto wa shule wa mji wetu wa Innisfail pai za nyama kwa miaka thelathini hadi nikastaafu, nimegundua kwamba bado nina maneno mengi tumboni. Nitayaandika pembeni ya tarakimu.

La kwanza ni kujisifu. Wiki nzima sasa maji yangu yanapima sufuri mbili. Siri ni mashine mpya ya povu, ile inayovuta uchafu wa tangi na kuutoa juu kama povu la kahawa, pamoja na mfuko wa punje nyekundu zinazofyonza kinachobaki. Unaweza kusoma gazeti kupitia tangi langu. Silvano, mume wangu, amejaribu: kasimama nyuma ya kioo akanisomea matokeo ya kriketi kutoka upande wa pili, kisha akauliza kama samaki wameambiwa kwamba wapo majini.

La pili: Hazel kajikunja leo. Anabadilisha ngozi. Matumbawe laini ya aina yake hufanya hivyo mara kadhaa kwa mwaka: hujikunja, hung'aa kama yamepakwa nta, ngozi ya juu huchomoka, na baada ya siku chache hutoa tena vidole vyake vyote na kuchezacheza. Wageni wa kazi hii hushtuka wakadhani anakufa. Mimi hutengeneza chai.

Ijumaa, 5 Desemba

Sufuri, sufuri. Hazel kajikunja.

Jumapili, 7 Desemba

Mkutano wa chama cha matangi umefanyika kwa Clarrie Tuckwell, kwa hiyo ilibidi nikavumilie tangi lake. Clarrie alikuwa mpishi kwenye meli za kuvua kamba, na analiendesha tangi kama alivyoendesha jiko: kila kitu kinaingia, hakuna kinachotoka. Vioo ni vya kijani. Maji yana rangi ya chai iliyosahauliwa.

"Karibu, Renata. Vua viatu au usivue, sakafu yenyewe haijali," akanipokea.

"Clarrie, hivi samaki wako wanaonana humo ndani?"

"Wanapapasana. Ndiyo maana ndoa zao zinadumu."

Lorna Kwong alikuwepo. Huyu ni mfamasia wa mjini, binti wa marehemu Hazel Kwong aliyeanzisha chama chetu, na Oktoba alinunua tangi lake la kwanza. Alinisogelea na sahani ya keki mkononi, nikajua kinachokuja.

"Shangazi Renata, nikuombe kitu? Kipande kimoja tu cha Hazel. Hata kama kifungo cha shati."

Tumbawe langu linaitwa Hazel kwa sababu ndivyo chama kinavyofanya: kipande hubeba jina la mtu wa kwanza kukitoa, hata kikipita mikono kumi. Na anayepewa kipande hasemi asante. Ukishukuru, hakishiki. Mimi nilipewa changu na mama yake Lorna, kikiwa kama kifungo kweli, na sikushukuru, na leo kina upana wa sinia. Kilipokuja kile kimbunga kikubwa na umeme ukakatika wiki tatu, Hazel wote wa mji huu walikufa, hata yule wa Hazel mwenyewe. Wangu alipona kwa sababu mimi na Silvano tulikoroga tangi kwa upawa, kwa zamu, mpaka mikono ikafa ganzi. Tangu hapo sikubali akatwe. Akikatwa vibaya nitakuwa nimemmaliza wa mwisho.

"Tangi lako lina miezi miwili, mwanangu," nikamwambia Lorna. "Likikomaa tutazungumza."

"Shangazi, hivyo hivyo uliwaambia wenzako wote."

"Na angalia, hakuna mwenye Hazel. Walikuwa naye, wakamuua."

Clarrie alikuwa anamenya chungwa, aliendelea kumenya.

"Umeme ndio ulimuua, Renata," alisema. "Wengine tulikuwa tunatafuta mapaa ya nyumba zetu kwenye mashamba ya miwa." Kisha akaniuliza, kwa upole tu, "Wako hajambo?"

"Anabadilisha ngozi."

"Maji yanapima ngapi?"

"Sufuri, sufuri," nikasema, kwa sauti iliyofika barazani.

"Sufuri! Sasa maskini anakula nini?"

"Mwanga."

"Kumbe! Basi mimi niking'oa paa nitashiba mpaka Pasaka."

Wote wakacheka, na Silvano wangu akacheka kuliko wote. Nimerudi nyumbani nikafuta vioo mara mbili.

Jumapili, 14 Desemba

Sufuri, sufuri. Ngozi imechomoka leo asubuhi, utando mwepesi ukapeperuka na maji. Nilivuta kiti nikasubiri vidole vitoke. Nilikula chakula cha mchana pale pale. Havikutoka.

Jumatano, 17 Desemba

Hazel kajikunja.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Joto la kuchemsha mayai barazani. Clarrie alipita na sinia la kamba, na pamoja nalo chupa ya plastiki yenye kimiminika cha kijivu, amefunga utepe mwekundu shingoni.

"Maji ya kamba walioyeyuka kutoka friza," akasema. "Zawadi ya Hazel. Kijiko kimoja kila siku. Atakushukuru."

Nilipokea, maana ni Krismasi. Alipoondoka nilienda uani nikaimwagia migomba. Niweke maji ya vichwa vya kamba kwenye tangi linalopima sufuri? Labda niwe nimepigwa na jua.

Kamba wenyewe walikuwa watamu sana. Silvano alikula kumi na sita.

Alhamisi, 1 Januari

Sufuri, sufuri. Nimempima Hazel kwa utepe wa kushonea, nikiunyoosha kwenye kioo kwa nje: sentimeta thelathini na tisa. Mwezi Oktoba alikuwa arobaini na mbili. Nadhani utepe umevutika.

Jumanne, 6 Januari

Nimenunua utepe mpya. Thelathini na nane.

Jumatatu, 12 Januari

Nimeongeza punje nyekundu, mifuko miwili badala ya mmoja. Kama kuna uchafu nisiouona unaomsumbua, utafyonzwa. Mashine ya povu siku hizi haitoi povu lolote, kikombe chake ni kikavu, na hilo linaonyesha jinsi maji yalivyo safi.

Silvano alisimama nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa.

"Mama yangu alipokuwa anatunyima chakula hivi, sisi tulikwenda kwa jirani," alisema.

"Mama yako alikulisha mpaka ukashindwa kupita mlangoni."

"Ndiyo maana nilichanua."

Nilimfukuza sebuleni.

Jumamosi, 24 Januari

Mvua siku ya kumi na moja. Mto umepanda hadi kwenye viti vya bustani ya mji. Lorna alikuja kuona tu, alisema; hakuomba kitu. Alikaa mbele ya tangi muda mrefu. Hazel kajikunja, kijivu, kakunjika kingo kama pai iliyokaa sana kwenye oveni.

"Mama hakuwahi kupima maji," Lorna alisema. "Na kioo cha nyuma alikuwa hakifuti. Alisema konokono nao wana haki ya kupata chajio."

"Mama yako alikuwa na bahati, mwanangu."

"Labda." Akainuka, akachukua mwavuli. "Shangazi, akifa, utaniambia? Nisisikie kwa watu."

Nimekasirika jioni nzima. Nilikasirika kwa sababu alisema "akifa".

Jumapili, 1 Februari

Sufuri, sufuri. Thelathini na tano. Kajikunja.

Jumatano, 11 Februari

Redio inasema kimbunga kinageukia kwetu. Wamekiita Wendell, jina la karani wa benki. Tumejaza bafu maji, tumefunga mapipa ya takataka kwa kamba ya nailoni, tumeingiza viti ndani. Nimegandisha chupa ishirini za maji za kupozea tangi. Upawa nimeuweka juu ya kifuniko, tayari. Ninaijua kazi hii. Wendell na aje.

Ijumaa, 13 Februari

Alifika na kifungua kinywa, akaondoka baada ya chakula cha mchana. Tulikaa bafuni, godoro vichwani, Silvano akinisimulia mchezo wa kadi aliomshinda kaka yake mwaka wa sabini na nane, hatua kwa hatua, ili nisisikie mabati. Paa letu lipo. Migomba yote imelala chini. Umeme umekatika dakika ya kwanza.

Jenereta ni moja. Ina nguvu ya friza au ya tangi.

"Kuna kilo kumi na mbili za soseji zangu mwenyewe mle," Silvano alisema. "Nimezikorogea fenesi kwa mikono hii."

"Zichome. Waite majirani."

Alinitazama, akamtazama Hazel aliyekunjika, kisha mimi tena, akaenda kutafuta mkaa. Nimeolewa na mtu mwema na simwambii vya kutosha.

Jumamosi, 14 Februari

Jenereta imekufa. Maji ya mvua yameingia kwenye mafuta. Tunakoroga kwa upawa: robo saa mimi, robo saa yeye. Maji yamefika nyuzi thelathini licha ya chupa za barafu.

Mchana Lorna alitokea, kaloa mpaka kiunoni, kabeba pampu mbili ndogo za hewa zinazotumia betri.

"Za kwangu," alisema. "Kwangu kuna konokono watano tu, wataelewa."

"Weka pale," nikamwambia, nikiendelea kukoroga. Hizo zilikuwa pampu, hazikuwa kipande. Hakuna kanuni inayokataza kumshukuru mtu kwa pampu. Nimekumbuka hilo alipokwisha kuondoka.

Jumapili, 15 Februari

Harufu. Niliisikia kabla sijafika sebuleni. Chini ya shina la Hazel, lile linalobeba kofia yake pana kama ya uyoga, kwa nyuma, kuna kidonda cha rangi ya kahawia, kipana kama kiganja, kinabanduka ukikigusa.

Kimbunga kile cha kwanza alikaa wiki tatu bila umeme akatoka mzima. Safari hii siku mbili zimemwozesha. Maji ni yale yale, upawa ni ule ule, mikono ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba safari ile alikuwa mnene.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma mara tatu. Sijaifuta.

Jumatatu, 16 Februari

Asubuhi nilimkuta Silvano barazani anavua mabuti yenye tope.

"Nimemwita Clarrie."

"Nani kakutuma?"

"Harufu."

Clarrie alikuja kwa miguu, maana barabara ina miti iliyolala, na Lorna nyuma yake. Paa la gereji yake limehamia kwa jirani. Tangi lake liko chini ya turubai, analikoroga kwa mwiko wa uji. Alikuwa na kisu chake cha meli kilichofungwa kwenye kitambaa cha vyombo. Alimwangalia Hazel, akapeleka pua karibu na maji, akasimama.

"Kuoza kunapanda," alisema. "Kesho kutafika kwenye kofia. Leo kofia bado ni nzima."

"Najua."

"Kwa hiyo unajua dawa."

"Najua, Clarrie! Kila mtu anajua. Nimefundisha watu wanne katika mji huu jinsi ya kukata."

"Wa kwako je?"

"Wa kwangu sijawahi kumgusa."

Lorna alikuwa amekwisha kuvaa glavu za famasia na kunipa jozi. Tulimbeba Hazel kwa ndoo hadi mezani barazani, maana ukimkata ndani ya tangi utomvu wake unawatia sumu wengine wote. Clarrie akafungua kitambaa.

"Mkono wangu au wako?"

Nilitaka kusema wake. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikisema akija mtu na kisu ataondoka na kisu chake. Nikanyoosha mkono.

"Wangu."

"Haya. Usimbembeleze. Ukimbembeleza unamchana. Vuta mara moja, kama unakata jibini."

Nilivuta. Kofia ikaachana na shina. Ndani ni nyeupe, imejaa vipande vidogo vinavyometa kama chumvi ya mawe, na kisu kinakwaruza juu yake. Nililia, naandika wazi: nililia puani na machoni, na Silvano alinifuta kwa taulo la vyombo lenye harufu ya soseji. Shina tulilitupa. Kofia niliikata kama keki, nikitupa kila palipokuwa na rangi ya kahawia, mpaka nikabaki na vipande tisa vizima. Lorna aliviosha kimoja kimoja. Clarrie alivifunga kwa uzi wa kushonea juu ya magamba ya chaza, akavifunika kipande cha chandarua visipeperushwe na maji. Vidole vyake ni vinene kama ndizi, na hakikudondoka hata kimoja.

Nikagawa.

"Viwili vya Lorna."

Lorna akainamisha kichwa.

"Vinne vyangu." Kulibaki vitatu mezani, na Clarrie alikuwa anafuta kisu chake, anatazama bustani iliyolala kana kwamba hesabu haimhusu. Niliwaza vile vioo vya kijani. Niliwaza pia lile neno langu la Desemba, nililolisema huku nakula keki yake. "Vitatu vya Clarrie."

Hakuna aliyesema asante. Wote watatu tulikuwa makini sana na hilo. Walibeba ndoo zao wakashuka ngazi polepole, na Clarrie alipofika kwenye mti uliolala alimpokea Lorna ndoo yake ili apande.

Alhamisi, 19 Februari

Umeme ulirudi jana. Mashine ya povu inanguruma. Mifuko miwili mipya ya punje. Baada ya kuoza kule tangi linahitaji usafi kuliko wakati wowote. Sufuri, sufuri. Vipande vinne, vyote vimesimama.

Jumatano, 25 Februari

Sufuri, sufuri. Vitatu.

Jumapili, 1 Machi

Viwili.

Jumatatu, 9 Machi

Sufuri, sufuri. Asubuhi chandarua kimoja kilikuwa kitupu, uzi umebaki umezunguka gamba.

Kimoja.

Alhamisi, 12 Machi

Nilimpigia Lorna simu famasia, nikajifanya naulizia dawa ya miguu ya Silvano.

"Na vipande?" nikasema mwishoni.

"Vimeshika, Shangazi! Kimoja kimeanza kutoa vidole. Nilitaka kukupigia, nikaona labda utaumia."

"Unavipa nini?"

"Sina hata cha kuvipa. Mashine ya povu niliyoagiza imekwama bandarini tangu Wendell. Vinakaa tu kwenye maji hayo hayo ya konokono."

Nilikata simu bila kununua dawa. Silvano alikuwa anasoma gazeti, mbele ya tangi safari hii.

"Vingapi kwa Lorna?"

"Vyote viwili."

"Kwa Clarrie?"

"Sijauliza."

"Hujauliza," akasema, akageuza ukurasa.

Jumapili, 15 Machi

Nimekwenda kwa Clarrie.

Turubai bado liko juu ya gereji, na mwanga wa bluu unapita ndani yake. Nilivuta kreti la chupa nikakaa mbele ya tangi. Ilinichukua muda kuona kupitia ule ukijani. Kisha nikaviona: vitatu, kila kimoja kwenye gamba lake, vimesimama kwenye mashina madogo manene, na juu ya kila kofia vidole vimetoka vyote, vinachezacheza. Tangu Novemba sikuwa nimemwona Hazel hivi.

Clarrie alikuja akasimama kando, mikono mifukoni.

"Unavifanyia nini?" nikamuuliza.

"Navisahau. Nikivikumbuka navipa maji ya kamba."

"Ile chupa ya Krismasi."

"Ehe! Ilisaidia?"

Ningeweza kudanganya. Uso wangu umedanganya wakaguzi wa afya wa shule.

"Niliimwagia migomba."

Alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku la barafu. "Basi utavuna mwaka huu!"

"Imeanguka yote."

Hapo alilazimika kuvua miwani. Nami nikacheka, maana ilichekesha, na kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kile nilichokuja kusema. Alipotulia nikakisema.

"Maji yangu yalikuwa safi mno. Nilimshindisha njaa miezi mitatu, Clarrie. Nilimshindisha njaa na nikaandika kwenye daftari kila siku kwa furaha. Kuoza kulimkuta hana nguvu. Amebaki mmoja kwangu, kajikunja."

"Hawa watatu ni wako."

"Hao wako. Waache walipo, wanapenda hapo." Nikavuta pumzi. "Nataka maji."

"Maji gani?"

"Hayo."

"Haya? Haya yapi?"

"Clarrie, usinichezee. Hayo machafu."

"Renata, miaka kumi na tisa umekuja hapa na pua juu. Mzee wa watu ana haki ya kusikia mara mbili."

Nikasimama, nikanyoosha sketi.

"Naomba maji yako machafu, Bwana Tuckwell. Ndoo mbili."

Aliyachota kwa upawa, kutoka chini kabisa, penye tope zuri, na kila upawa ulipoingia ndoo alitoa mlio kama mtu anayeonja mchuzi. Alinibebea hadi garini. Niliziweka ndoo kiti cha nyuma, kila moja na mkanda wake.

"Kwa kipande hatushukuru," nikasema kupitia dirishani. "Kwa maji je?"

Alikuna kidevu. "Chama hakina kanuni ya maji."

"Basi asante. Na lile nililosema, kwamba mlimuua. Mlikuwa hamna mapaa. Nilikosea."

"Ulikosea," alikubali. Alipigapiga paa la gari mara mbili kwa kiganja. "Endesha taratibu, usimwage mchuzi."

Njiani nilisimama famasia. Ilikuwa imefungwa, Jumapili, nikazunguka nyuma anakoishi Lorna, nikagonga mpaka akatoka na mswaki mdomoni.

"Zile pampu za betri," nikamwambia. "Sikukushukuru. Asante."

"Shangazi, umekuja kwa hilo tu?"

"Na tangi lako limekomaa."

Jumatatu, 16 Machi

Mashine ya povu imezimwa. Punje zimetupwa. Ndoo mbili za Clarrie zimemiminwa tangini. Kijiko kimoja cha maji ya kamba. Silvano amekula kamba wenyewe, kwa ajili ya sayansi.

Jumapili, 22 Machi

Kajikunja. Kijiko kimoja.

Ijumaa, 27 Machi

Nadhani kanenepa. Sitaki kupima. Kijiko kimoja.

Alhamisi, 2 Aprili

Nitrati: tano. Fosfati: ipo. Kioo cha nyuma kimeota ukijani, na konokono wako kazini.

Silvano amejaribu kunisomea gazeti kutoka upande wa pili, ameshindwa.

Hazel kachanua.